Kutoa picha za ngano za Kigiriki kwenye vitabu vya zamani bila kuvikata

Kwenye inama za katikati ya Nairobi, yaani vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini kando ya barabara, kati ya riwaya za mapenzi na vitabu vya mitaala iliyokwisha, hujitokeza mara mojamoja kitabu cha watoto chenye jalada la kitambaa na picha za Pandora, Midas au Medusa. Wengi wakikipata hukimbilia mkasi. Picha hutiwa fremu, kitabu kikabaki gofu. Hakuna haja ya hayo. Picha ileile inaweza kutoka safi, ikachapwa kwa ukubwa wa A3 na kutundikwa darasani, na kitabu kikarudi rafuni kizima. Kinachotakiwa ni kujua kwanza picha ilichapwa kwa njia gani, maana njia hiyo ndiyo inayoamua namna ya kuiskani, kuisafisha na kuichapa upya. Kazi nyingi huharibika hapo, kabla skana haijawashwa.

Tazama wino kwanza

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, ile wanayoibana jichoni mafundi wa saa. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha inua ukurasa mpaka wino uonekane wazi. Utaona moja ya mambo matatu.

La kwanza ni mistari myeusi mitupu, yenye kingo kali, bila nukta yoyote. Huo ni mchoro wa mstari. Michoro ya Willy Pogany katika vitabu vya Padraic Colum, kile cha Homer kwa watoto cha 1918 na kile cha ngozi ya dhahabu cha 1921, mingi ni ya namna hii. Ndiyo rahisi kuliko yote kushughulikia.

La pili ni nukta ndogondogo za rangi zilizojipanga kama maua madogo. Hii ni picha ya nukta. Mchoro wa rangi za maji ulipigwa picha kupitia kioo chenye mistari iliyokatana, ukatolewa mabamba ya njano, nyekundu na buluu, mara nyingine na nyeusi, kisha yakachapwa moja juu ya jingine. Ndivyo zilivyo picha za rangi za Maxfield Parrish katika toleo la 1910 la hadithi za Nathaniel Hawthorne, Mmarekani aliyesimulia upya ngano za Kigiriki kwa watoto, za Edmund Dulac za 1918, za Virginia Frances Sterrett za 1921 na za Arthur Rackham za 1922.

La tatu ni chembechembe zisizo na mpango, kama alama ya chaki kwenye ukuta uliopigwa plasta. Hiyo ni lithografia, uchapaji wa mchoro uliochorwa juu ya jiwe.

Usimwamini msanii kwa jina lake tu. Kitabu kimoja huwa na njia mbili au tatu: rangi kwenye picha kubwa, mistari kwenye vichwa vya sura. Na toleo la baadaye la bei nafuu huenda limepiga picha upya mchoro wa mstari na kuugeuza nukta. Tazama kila picha.

Kabla ya kulipa

Picha za nukta zilihitaji karatasi laini iliyopakwa udongo mweupe, kwa hiyo zilichapwa kando na kubandikwa kitabuni, mara nyingi kwa gundi ya ukingo wa juu peke yake, zikafunikwa na karatasi nyepesi yenye maelezo. Matokeo ni mawili. Kwanza, hubanduka na kupotea. Fungua orodha ya picha mwanzoni mwa kitabu, uhesabu moja baada ya nyingine: toleo la Parrish la 1910 lina picha 10 za rangi, la Dulac la 1918 lina 14. Ukurasa mtupu mnene wenye mstari wa gundi juu yake ni kaburi la picha. Pili, karatasi ile ikilowa hugandana, na ikishagandana hakuna fundi wa kuiachanisha bila kuing'oa wino. Kitabu kilichonyeshewa na mvua ya Aprili chaweza kuonekana kizima kwa nje. Kipindue kwa upole kila mahali penye picha, na mahali panapogoma usilazimishe: ndipo penye hasara.

Madoa ya kahawia kama madoadoa ya ndizi mbivu si sababu ya kukiacha kitabu, kwani kwenye kompyuta hutoka. Harufu ya kuvu inayochoma pua, au unga wa kijivu unaopanguka, ni jambo jingine. Kitabu cha namna hiyo kitaambukiza rafu nzima.

Bei ni ya mdomo. Ukisema, "Bosi, hii picha mbili hazipo, mwisho ngapi?" huku ukimwonyesha zile kurasa tupu, utapunguziwa zaidi kuliko ukilalamikia jalada. Kama kitabu hukipati kabisa, matoleo mengi ya zamani yameskaniwa na kuwekwa kwenye tovuti za Internet Archive na Project Gutenberg. Yatumie pia kulinganisha, ujue picha iliyopotea ilikuwa ipi. Ukienda kwenye maktaba yenye vitabu vya enzi hizo, kama McMillan ya Banda Street iliyofunguliwa 1931, mwombe mkutubi ruhusa ya kupiga picha kabla ya kutoa simu mfukoni.

Haki ya msanii

Sheria ya Kenya hulinda mchoro kwa miaka 50 baada ya mwaka aliokufa msanii. Walter Crane alikufa 1915, Sterrett 1931, Rackham 1939, Dulac 1953, Pogany 1955 na Parrish 1966, hivyo michoro yao hapa iko huru. Uingereza huhesabu miaka 70, kwa hiyo ukitaka kuuzia wateja wa huko picha za W. Russell Flint, aliyechora kitabu cha mashujaa cha Charles Kingsley mwaka 1912 na kufa 1969, zitakuwa zimefungwa hadi mwisho wa 2039 ingawa Nairobi ziko huru. Marekani, kwa vitabu vya zamani kama hivi, huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa.

Kile kitabu kikubwa cha manjano cha ngano za Kigiriki cha Ingri na Edgar Parin d'Aulaire cha 1962, ambacho wengi wanakikumbuka, hakimo. Edgar alikufa 1986, na kazi ya watu wawili huhesabiwa kwa yule aliyekufa mwisho. Kinunue, kisome, usikichape.

Kuskani picha ya nukta

Hapa ndipo penye kazi. Skana nayo husoma kwa nukta zake zilizopangwa safu kwa safu. Safu zake zikikutana na safu za nukta za picha, huzaa mawimbi ya ajabu kama ya hariri, na uso wa Proserpina ukawa na mirabaraba. Mawimbi hayo hayafutiki vizuri baadaye. Huzuiwa mwanzoni.

Njia ni kuzidi nukta za picha kwa mbali. Picha nyingi za enzi ile zina nukta kama 150 kwa inchi. Ukiskani kwa dpi 200 au 300 (dpi ni idadi ya pikseli, vitone vya picha ya kompyuta, kwa kila inchi), kila nukta inapata pikseli moja na kitu au mbili, na mawimbi yanakuja. Ukiskani kwa dpi 600, kila nukta inapata pikseli nne kwa upana, na sasa unaweza kuiyeyusha bila kuacha alama. Kwa hiyo:

Weka skana kwenye dpi 600 halisi, si zile za kukisia ambazo programu huziongeza. Chagua rangi kamili hata kama picha inaonekana ya kahawia tupu. Zima kila kinachojiita otomatiki: kunoa, kung'arisha, kurekebisha rangi. Kunoa ndiko kubaya zaidi, maana hunoa nukta, si picha. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Ukurasa wa A4 kwa dpi 600 huchukua karibu MB 100, kwa hiyo andaa nafasi.

Kisha, kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, tia ukungu wa Gaussian (Gaussian Blur) wa pikseli 2. Tazama kwa asilimia 100: nukta zikiwa bado zinaonekana, rudi nyuma na ujaribu 2.5, kisha 3. Zikishatoweka tu, simama. Punguza picha hadi dpi 300 kwa vipimo vilevile vya sentimita, halafu unoe kidogo sana. Mpangilio huu haupinduki. Anayenoa kwanza kisha akatia ukungu atapata picha iliyofifia yenye mirabaraba, hasara mbili kwa mpigo.

Kama mawimbi bado yapo, geuza kitabu nyuzi 10 au 15 kwenye kioo cha skana, uskani tena, kisha unyooshe picha kwenye kompyuta. Pembe ikibadilika, safu hazigongani vilevile.

Mchoro wa mstari hauna shida hiyo. Dpi 600 inatosha, 1200 kwa vichwa vidogo vya sura. Tumia kijivu, usitumie nyeusi-na-nyeupe tupu, kwani hiyo hula mistari myembamba ya nywele na manyoya.

Maandishi ya upande wa nyuma yakipenya, weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa. Watu huweka nyeupe, na nyeupe ndiyo inayorudisha mwanga na kuyafanya yaonekane.

Kitabu kisipolala

Uti wa kitabu cha miaka 100 hauvumilii kubanwa kwenye skana. Ukisikia mlio wa "ta!", uzi au gundi imekatika. Kama hakifunguki hadi nyuzi 180 bila kulazimishwa, tumia simu.

Laza kitabu juu ya khanga mbili zilizokunjwa, moja chini ya kila jalada, kikae wazi kama nyuzi 110, kisha uinamishe kitabu kizima hadi ukurasa unaoutaka uwe sambamba na meza. Mikono iwe imeoshwa na kukauka kabisa. Glavu za pamba usihangaike nazo: hukupotezea hisia ya vidole na kukwamisha kingo. Na kidole kisilambwe.

Mwanga bora Nairobi ni wa bure, dirishani siku ya mawingu ya Juni au Julai, bila jua la moja kwa moja. Karatasi iliyopakwa udongo hung'aa, kwa hiyo mwanga uje kwa ubavu, na ubao mweupe uwekwe upande wa pili kuurudisha. Flashi ya simu izimwe.

Simu iwe sambamba na ukurasa, la sivyo nguzo za hekalu zitaegemea. Kuna njia ya uhakika: weka kioo kidogo cha mkobani katikati ya picha, tazama skrini, na usogeze simu mpaka lenzi yake iliyomo ndani ya kioo iwe katikati kabisa ya skrini. Ikifika hapo uko sawa. Ondoa kioo, piga kwa kipima muda cha sekunde 2 ili mkono usitikise. Simama mbali kidogo na utumie lenzi ya mara 2 kama simu inayo, kwani lenzi pana ikisogezwa karibu huvimbisha katikati. Simu ya megapikseli 12 hutoa pikseli 4000 kwa 3000, na kwa picha ya urefu wa sentimita 20 hiyo ni kama dpi 400 ukiacha pambizo. Inatosha kwa A4 nzuri. A3 ni ya kubahatisha.

Kusafisha bila kuua

Kosa la kawaida ni kuifanya karatasi iwe nyeupe pe. Rangi za Rackham ni za udongo, kahawia na kijivu, zilichanganywa zikae juu ya karatasi ya rangi ya maziwa. Ukiondoa umaziwa, zinageuka za baridi na kuwa kama picha ya hospitali. Sogeza weupe mpaka karatasi iwe safi lakini bado ina joto. Kwenye vipimo vya 0 hadi 255, sehemu nyeupe zikae kama 240 hadi 245.

Madoa ya kahawia yafutwe kwa brashi ya kunakili (Clone), kwenye tabaka la peke yake juu ya picha, ili ukikosea ufute tabaka tu. Anza na mbingu na kuta. Usoni nenda polepole. Na kabla ya kufuta alama yoyote pembeni, ikuze: Walter Crane, aliyetoa michoro 60 kwa kitabu cha Hawthorne cha 1892, alizoea kutia sahihi kwa kuchora korongo mdogo pamoja na herufi zake, kwa sababu jina lake ndilo jina la ndege huyo kwa Kiingereza. Korongo wengi wamefutwa kama uchafu.

Doa lililo kwenye karatasi yenyewe liache lilivyo. Jik, limau au kitambaa chenye maji huondoa rangi pamoja na doa, na klorini inayobaki huendelea kula karatasi kwa miaka. Vumbi tu ndilo la kuondoa, kwa brashi laini ya rangi, ukielekea nje kutoka katikati.

Kwa mchapaji

Hesabu kwanza. Picha ya sentimita 15 kwa 20 iliyoskaniwa kwa dpi 600 ina pikseli 3543 kwa 4724. Ukiipanua hadi upana wa A3, sentimita 29.7, unabaki na karibu dpi 300, na urefu ni sentimita 39.6. A3 ina urefu wa 42, kwa hiyo zinabaki sentimita mbili na nusu za pambizo. Ziache hivyohivyo. Kumvuta Atlas ajaze karatasi ni kumrefusha shingo. Ukitaka ukubwa huu kwa picha ya nukta, tia ukungu kama ilivyoelezwa lakini usipunguze pikseli: ukishazipunguza hadi dpi 300 za ukubwa wa asili, kwenye A3 utabaki na 150 tu.

Peleka faili kwenye flashi diski. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida itabanwa na kupoteza kila ulichokitolea jasho. Ikibidi, itume kama hati. Mwambie fundi achape kwa asilimia 100, asiiruhusu mashine ijaze karatasi, na umwombe karatasi isiyong'aa ya gramu 200 hadi 250. Inayong'aa hurudisha taa za darasani, na mtoto wa kiti cha nyuma anaona balbu badala ya Pegasus.

Kinachowashangaza wengi ni buluu. Buluu ya usiku ya Dulac, au ile ya mbingu za Parrish iliyompa umaarufu, kwenye skrini ni buluu kweli, lakini ikitoka mashineni ni zambarau. Sababu ni kwamba skrini huchanganya mwanga na mashine huchanganya wino, na buluu ya wino hutokana na samawati (cyan) na majenta (waridi iliyokolea). Majenta ikikaribia kiasi cha samawati, zambarau inashinda. Punguza majenta kwenye sehemu za buluu mpaka iwe chini ya samawati kwa alama 30 hivi za asilimia, kisha uchapishe kipande cha ukubwa wa kiganja kabla ya kuagiza nakala 20. Lipia hicho kipande, usibishane.

Mchoro wa mstari uchapwe kwa wino mweusi peke yake. Mashine ikiachiwa itaujenga mweusi kwa rangi zote nne, na zikipishana hata unywele mmoja, kila mstari unapata kivuli cha waridi.

Picha iliyobanduka

Ukiwa umekiskani kitabu, mara nyingi utakuwa na picha moja iliyolegea. Usiguse selotepu, wala gundi nyeupe ya mbao, kwani haitoki tena. Chukua konflawa kijiko 1, maji vijiko 5, koroga yakiwa baridi mpaka mabonge yaishe, kisha pika kwa moto mdogo ukikoroga hadi ule weupe ugeuke kioo na uji uwe mzito. Uache upoe kabisa. Paka mstari wa milimita 3 kwenye ukingo wa juu tu, pale ilipokuwa gundi ya zamani, panguza ziada, weka karatasi ya kuokea juu na chini, funga kitabu na ukiwekee uzito usiku kucha.

Ukingo wa juu tu, si kuzunguka pande zote. Karatasi ya picha na ile iliyoibeba hazitanuki sawa, na kati ya ukavu wa Februari na unyevu wa Aprili zitavutana. Zikishikwa pande zote, picha inajikunja katikati na haitanyooka.

Maneno ya chini ya picha

Hawthorne alitumia majina ya Kirumi na kubadilisha mengine atakavyo, hata Mercury akamwita Quicksilver. Mwanafunzi aliyemsoma Hermes kwingine atadhani ni mtu mwingine, kwa hiyo andika majina yote mawili. Yule binti anayegeuka dhahabu mikononi mwa Midas, ambaye Crane na wengine wamemchora kwa uchungu mkubwa, hayumo kwa Ovid, mshairi wa Kirumi. Hawthorne ndiye aliyemleta na kumpa jina Marygold. Na kasha la Pandora, kwa mshairi Hesiod, lilikuwa mtungi. Ukilitaja hilo chini ya picha, mwalimu atapata swali zuri la kuanzia somo: kwa nini mchoraji amechora sanduku?

Malizia kwa jina la msanii, mwandishi na mwaka wa toleo, kwa herufi ndogo. Tundika kwenye ukuta ambao jua la dirishani halifiki asubuhi wala jioni, maana wino wa mashine za mjini hupauka, na njano na majenta ndizo zinazotangulia.